Hanuka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kinara, Mafuta na Mila za Sikukuu

Ikikaribia Desemba maswali ya Hanuka huwa yale yale. Kuna walioalikwa na jirani Myahudi na hawajui waende na nini mkononi. Kuna wanaoishi Toronto au London ambao mtoto amerudi kutoka shule na kijipia chenye herufi za Kiebrania. Kuna wasomaji wa Biblia waliokutana na sikukuu hii njiani wakaachwa na hamu ya kujua zaidi. Majibu hapa chini hayalingani urefu: mengine yanaisha kwa sentensi mbili, mengine yanataka kikao.

Hanuka ni nini hasa?

Ni siku nane za kukumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu. Mwaka 167 K.K. mfalme Antioko IV Epifane, wa nasaba ya Waseleuko waliotawala kutoka Shamu, alipiga marufuku Sabato, tohara na Torati yenyewe, na ndani ya Hekalu zikaanza kutolewa dhabihu kwa Zeu. Kuhani mzee wa kijiji cha Modini, Matathia, alikataa katakata akakimbilia milimani na wanawe watano. Alipofariki, mwanawe Yuda, aliyepewa jina la Mmakabayo, alishika uongozi wa vita vya kuvizia. Mwaka 164 K.K. watu wake waliingia Yerusalemu, wakalisafisha Hekalu, wakajenga madhabahu mpya na kuiweka wakfu tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu katika kalenda ya Kiyahudi. Ndiyo maana Hanuka huanza tarehe hiyo kila mwaka.

Na ile chupa ya mafuta iliyowaka siku nane?

Hapa wengi hushangaa. Vitabu vya Wamakabayo, vilivyoandikwa karibu zaidi na matukio, havisemi lolote kuhusu chupa hiyo. Kitabu cha pili kinatoa sababu nyingine ya siku nane: wapiganaji waliipitisha sikukuu ya Vibanda wakiwa mapangoni, basi walipopata nafasi wakasherehekea kwa muda uleule wa Vibanda.

Habari ya mafuta imo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), uliokusanywa karne nyingi baadaye. Marabi wanasimulia kwamba ilipatikana chupa moja tu ya mafuta ya zeituni ambayo muhuri wa kuhani mkuu haukuvunjwa, ya kutosha usiku mmoja, nayo ikawaka nane. Ukikaa kwenye meza ya Hanuka utasikia kuhusu mafuta kuliko vita, na nadhani marabi walikusudia iwe hivyo. Uzao wa Wamakabayo walikuja kuwa wafalme waliochinjana wenyewe kwa wenyewe. Taa ilikuwa urithi salama zaidi.

Imo kwenye Biblia yangu?

Inategemea unashika ipi. Wakatoliki na Waorthodoksi wana vitabu vya Wamakabayo. Waprotestanti wengi hawana, na Biblia ya Kiebrania pia haina, jambo la ajabu ukifikiria kwamba sikukuu ni ya Wayahudi. Katika Agano Jipya iko mara moja: Yohana 10:22, Yesu akiwa Hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku. Ndiyo hiyo.

Kwa hiyo ni Krismasi ya Kiyahudi?

Hapana. Zinakutana kwenye kalenda tu. Kwa sheria ya Kiyahudi Hanuka iko chini ya Pasaka, Vibanda na Siku ya Upatanisho: watu huenda kazini, hupika, huendesha gari, hufungua maduka. Kinachoongezeka ni taa ya jioni, aya za shukrani katika sala na chakula, na asubuhi katika sinagogi husomwa Zaburi ya 113 hadi 118. Ukubwa wake wa leo, hasa Marekani, umetokana na kuishi mtaa mmoja na Krismasi. Zawadi kila usiku kwa usiku nane ni tabia ya huko huko na si ya zamani.

Nahitaji kununua nini?

Kinara chenye nafasi ya moto tisa, mafuta au mishumaa 44, na kiberiti. Basi.

Nasema hivi kwa sababu ukiingia madukani mtandaoni utakuta vitambaa vya meza vyenye nyota, puto, fulana, soksi, taji za karatasi, hadi nguo za mbwa. Ukivipenda nunua, hakuna dhambi. Ila nimeona watu wakitumia pesa nyingi kwenye mapambo halafu mishumaa ikawaishia usiku wa sita. Hesabu yake ni rahisi: usiku wa kwanza mshumaa mmoja, wa pili miwili, hivyo hivyo hadi minane, jumla 36, ongeza mshumaa mtumishi mmoja kila usiku, ule wa kuwashia mingine, unapata 44. Ndiyo sababu maboksi ya mishumaa ya Hanuka huuzwa yakiwa na 44. Ukinunua ya kawaida dukani hesabu mwenyewe, na uongeze michache ya akiba kwa itakayovunjika.

Kinara pia unaweza kutengeneza. Watoto wengi huanza na ubao wenye nati tisa za chuma zilizogandishwa kwa gundi, kila nati ikishika mshumaa mwembamba. Vikombe vidogo vya kioo vyenye mafuta na utambi wa pamba vinafaa vilevile. Kama ni ubao, ufunike kwa karatasi ya aluminiamu kwanza, na usitumie plastiki.

Menora na kinara cha Hanuka ni kitu kimoja?

Menora ya Hekaluni ilikuwa na matawi saba. Ndiyo iliyo kwenye nembo ya dola la Israeli na ndiyo iliyochongwa kwenye Tao la Tito kule Roma. Kinara cha Hanuka, ambacho Waisraeli hukiita hanukia, kina taa nane na ya tisa ya mtumishi, shamashi. Wanaozungumza Kiingereza huita vyote viwili menora, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Ukichagua hanukia, usihangaike na umbo. Zipo za shaba za Morocco zenye ukuta wa nyuma wa kutundika, za fedha kutoka Poland, za udongo, za mawe. Angalia mambo mawili: taa nane ziwe kwenye mstari mmoja na kimo kimoja, kila moto ukionekana peke yake bila kuungana na mwenzake, na shamashi ajitenge, awe juu zaidi au pembeni. Kuna vinara vya kisasa vya kupendeza sana ambavyo taa zake zinapanda na kushuka kama ngazi. Wachamungu wengi hawatavitumia.

Mishumaa inawashwaje?

Hapa tukae kidogo.

Usiku wa kwanza weka mshumaa mmoja kwenye nafasi ya mwisho upande wako wa kulia. Usiku wa pili ongeza wa pili kushoto kwake, na kadhalika, ukielekea kushoto. Kuwasha ni kinyume: unaanza na ule mpya, wa kushoto kabisa, ukirudi kulia. Kwa hiyo mgeni wa usiku ule ndiye anayepata moto kwanza.

Huwashi kwa kiberiti moja kwa moja. Kiberiti kinawasha shamashi, shamashi anawasha wengine. Sababu ni kwamba mwanga wa taa za Hanuka hauruhusiwi kutumiwa: usisomee kitabu, usihesabie pesa, usiwashie sigara. Ni wa kutazamwa tu. Shamashi yuko pale ili, ukijikuta umefaidi mwanga, ionekane umefaidi wake.

Kabla ya kuwasha kuna baraka. Ya kwanza inamshukuru Mungu aliyeamuru taa iwashwe. Ya pili inamshukuru aliyewatendea babu zetu miujiza siku zile, majira kama haya. Usiku wa kwanza peke yake huongezwa ya tatu, ya kushukuru kufikishwa hai hadi wakati huu. Kisha zinaimbwa nyimbo. Wenye asili ya Ulaya huimba Maoz Tsuri, wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu wengi husoma Zaburi ya 30.

Mpango wa kupanda moja hadi nane ulibishaniwa. Shamai na Hileli walikuwa walimu wakubwa wa zamani. Shule ya Shamai ilitaka kuanza na nane na kupunguza, ile ya Hileli ikataka kuanza na moja na kuongeza, kwa hoja kwamba katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Hileli alishinda.

Taa ziwake angalau nusu saa baada ya nyota kutoka. Katika nusu saa hiyo ni desturi ya wanawake kutofanya kazi za nyumbani. Wapo waume wanaoisahau desturi hii kila mwaka.

Mshumaa ukizimika je?

Ikiwa uliwashwa vizuri, mahali pasipo na upepo, umeshatimiza wajibu wako, kwa kuwa tendo ni kule kuwasha. Wengi huuwasha tena hata hivyo, bila kurudia baraka. Lakini ukiuweka mbele ya dirisha lililo wazi au chini ya pangaboi, hukuwasha taa, umemwashia upepo. Kwa aliye Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Desemba hii si nadharia. Zima pangaboi kwanza, vumilieni joto nusu saa. Na mishumaa myembamba usiiache kwenye gari wala karibu na jua mchana. Jioni utaikuta imepinda.

Mafuta au mishumaa?

Yote yanafaa. Mafuta ya zeituni yana heshima zaidi kwa sababu ndiyo yaliyowaka Hekaluni, na moto wake umetulia. Mafuta yanayobaki kwenye kikombe usiyarudishe jikoni; yamekwisha kutengwa kwa ajili ya Hanuka, hivyo huchomwa mpaka yaishe.

Kinara cha umeme kinakubalika?

Kama pambo, ndiyo. Kama taa ya wajibu, marabi wengi wanasema hapana, maana hakuna utambi wala mafuta. Hospitalini, au kwenye bweni ambako moto umekatazwa, watu huweka cha umeme, na hakuna mwenye busara atakayewalaumu.

Siku ya Ijumaa inakuwaje?

Hapa ndipo wengi hukwama. Sabato ikiingia hakuna kuwasha moto, kwa hiyo Ijumaa taa za Hanuka huwashwa mapema, kabla ya mishumaa ya Sabato. Bado zinatakiwa zifike nusu saa baada ya nyota.

Chukua Nairobi, mwanzo wa Desemba. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Mishumaa ya Sabato kwa kawaida huwashwa dakika 18 kabla, na ya Hanuka kabla ya hiyo, kwa hiyo uko kwenye saa kumi na mbili hivi. Nyota zionekane, ongeza nusu saa, unafika saa moja na nusu usiku. Ni saa moja na nusu nzima ya kuwaka, na ile mishumaa midogo ya kwenye boksi haiwezi. Ijumaa tumia mafuta mengi au mishumaa minene.

Jumamosi usubiri Sabato itoke ndipo uwashe.

Kinara kinawekwa wapi?

Mahali ambapo wapita njia wataona. Desturi ya kale ni nje ya mlango, upande wa kushoto wa anayeingia, mkabala na mezuza, kijisanduku chenye aya za Torati, iliyo kulia. Yerusalemu utaona bado nyumba zenye visanduku vya kioo mlangoni, moto ukiwaka ndani salama na mvua ya kipupwe. Kwingine watu hutumia dirisha. Talmudi inaongeza kwamba wakati wa hatari inatosha kuweka mezani, ndani.

Picha moja inaeleza kwa nini suala la dirisha lina uzito. Mwaka 1931 mjini Kiel, Ujerumani, Rachel Posner, mke wa rabi wa mji, alipiga picha hanukia yao dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye jengo la chama cha Nazi, ilining'inia bendera ya msalaba uliopinda. Familia iliondoka Ujerumani mwaka 1933, na kinara wakaondoka nacho. Hukaa katika jumba la makumbusho la Yad Vashem kule Yerusalemu, na Hanuka ikifika familia hukichukua na kukiwasha.

Vile vinara vikubwa vya viwanjani ni mtindo wa tangu miaka ya 1970. Vuguvugu la Kiyahudi la Chabad liliwasha kimoja Philadelphia mwaka 1974, na mwaka 1979 Rais Jimmy Carter alishiriki kuwasha kingine karibu na Ikulu ya Marekani. Desemba 2020 kiliwashwa kimoja hata Dubai, karibu na Burj Khalifa.

Rangi za buluu na nyeupe zina maana gani?

Sheria haisemi kitu. Zimetokana na shali ya sala na bendera ya Israeli, kisha madukani zikawekwa mkabala na nyekundu na kijani za Krismasi.

Ile pia ya kuzungusha inachezwaje?

Ina pande nne na herufi nne: nuni, gimeli, hei, shini. Ni vifupi vya maneno "muujiza mkubwa ulitokea kule". Israeli kwenyewe shini huondolewa ikawekwa pei, kwa "hapa". Wajukuu wa Ulaya Mashariki huiita dreideli, Waisraeli sevivoni.

Kila mchezaji apewe karanga au sarafu kumi, kumi na tano hivi. Kila mmoja aweke moja katikati. Zungusha pia kwa zamu. Ikiangukia nuni hupati kitu. Gimeli, unazoa zote. Hei, unachukua nusu. Shini, unaongeza moja. Zikiisha katikati kila mtu anaweka tena. Mchezo huisha mmoja akibeba kila kitu, au karanga zikishaliwa, na hilo la pili ndilo hutokea zaidi.

Utasikia kwamba watoto wa Kiyahudi walificha masomo ya Torati kwa pia hii askari wa Antioko walipopita. Ni hadithi tamu, lakini mchezo wenyewe ni kamari ya zamani ya Ulaya. Herufi zilikuwa maelekezo ya kucheza kabla hazijapewa maana ya muujiza.

Na sarafu za chokoleti?

Zamani Ulaya Mashariki zilikuwa pesa za kweli, wakipewa watoto, na mara nyingi walimu wao. Kitu cha chokoleti katika karatasi ya dhahabu kilikuja baadaye Marekani. Mwaka 1958 Benki ya Israeli ilianza kutoa sarafu maalumu za Hanuka, za chuma kabisa. Chokoleti nyingi za aina hii, niseme ukweli, ni mbaya mdomoni. Mtoto atafurahi zaidi na noti.

Wanakula nini?

Chochote kilichokaangwa, kwa ajili ya mafuta. Wenye asili ya Ulaya Mashariki wana latke za viazi. Israeli wamejaa sufganiyoti, donati zilizojazwa jemu. Morocco ni sfenji, pete za unga zisizo na sukari ndani. Wayahudi wa Uhispania na Rhodes hula bimuelo, vitonge vya unga uliochachuka vinavyomwagiwa asali au shira. Anayezijua kaimati hahitaji maelezo zaidi. Pia huliwa vyakula vya jibini, kwa kumkumbuka Yudithi, aliyemlisha jemadari adui jibini na kumnywesha divai kabla ya kumkata kichwa.

Latke unaweza kupika leo. Viazi mviringo vinne vikubwa na kitunguu kimoja, uvikwangue kwa kile kikwangulio cha karoti, tundu kubwa. Tia kwenye kitambaa safi, sokota, kamua mpaka maji yakome kutoka. Hatua hii ndiyo latke yenyewe, ukiiruka utapata uji. Acha maji yale yatulie dakika kumi, yamwage taratibu, na wanga mweupe ulioshika chini uurudishe kwenye viazi. Ongeza yai, vijiko viwili vya unga, chumvi na pilipili manga. Mafuta yawe ya moto, chota kijiko, bapaza, geuza ukingo ukiwa na rangi ya kahawia. Ziliwe papo hapo kwa malai chachu au tufaha lililopondwa. Zikipoa hazina hadhi.

Nimealikwa. Niende na nini, nifanye nini?

Usipeleke chakula ulichopika nyumbani isipokuwa umeambiwa, kwa sababu ya masharti ya kosha, yaani sheria za chakula za Kiyahudi. Na divai nayo ina masharti yake. Maua, matunda mazima au chupa ya mafuta ya zeituni iliyofungwa havitakuaibisha. Fika kabla ya giza. Mwanaume akipewa kikofia, avae. Wakati wa baraka nyamaza, ukisikia "amina" itikia. Usizime mishumaa kwa kupuliza hata ukiondoka usiku. Kama ni Ijumaa, usitoe simu kupiga picha bila kuuliza. Salamu ni "Hag Hanuka sameah", yaani Hanuka njema.

Kuna wanaosherehekea Afrika Mashariki na jirani zake?

Wapo. Sinagogi la Nairobi ni la jamii iliyoanza mwaka 1904. Lubumbashi, Kongo, kuna sinagogi la enzi ya ukoloni, na wengi wa Wayahudi wa mji ule walitoka kisiwa cha Rhodes, ndiyo maana bimuelo zilivuka mpaka Katanga.

Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alishika Uyahudi mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, masinagogi yakafungwa, watu wakawa wanasali kwa kujificha. Kampala ilipoanguka mikononi mwa Watanzania na Waganda waliokuwa nao tarehe 11 Aprili 1979, Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia jioni ileile. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo mwaka 2008 baada ya masomo Los Angeles.

Wayahudi wa Ethiopia, kinyume na wanavyodhani wengi, hawakuwa na Hanuka katika mila zao za asili. Waliipata walipohamia Israeli.

Mimi si Myahudi. Naweza kuwasha?

Ukialikwa, karibu sana, kaa, imba, kula. Kuhusu kuigeuza kuwa ibada ya kanisa lenu kwa sababu ya Yohana 10, maoni yangu ni kwamba kuisoma historia na kuifundisha ni vizuri. Kuchukua baraka inayosema "umetuamuru sisi" na kuisema kana kwamba ni yenu ni jambo ambalo Wayahudi wengi halitawapendeza. Muulize aliyekualika.

Hanuka ijayo ni lini?

Siku ya Kiyahudi huanza magharibi, kama ya Kiislamu, kwa hiyo hesabu jioni ya kuamkia. Kalenda ni ya mwezi mwandamo lakini huongezewa mwezi mara saba katika miaka 19, basi Hanuka haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Hubaki kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Januari.

Mwaka 2026 inaingia jioni ya Ijumaa tarehe 4 Desemba, mwaka 2027 jioni ya Ijumaa tarehe 24 Desemba, na mwaka 2028 jioni ya Jumanne tarehe 12 Desemba. Miaka hiyo miwili ya mwanzo usiku wa kwanza na wa nane vyote vinaangukia Ijumaa, kwa hiyo mishumaa minene inunuliwe kwa jioni mbili: miwili kwa ya kwanza, tisa kwa ya mwisho.